Filamu niliyoipa saba juu ya ishirini

Admini, jina langu lisitokee. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, naishi hapa Goma na mke na watoto wanne. Nilianza kwa kupasua mawe ya lava. Leo nina salle yangu ya filamu, viti sitini, na kila Jumatatu natoa maoni mtandaoni juu ya filamu mpya. Natoa alama juu ya ishirini, kama shuleni, na ninahesabu. Ile ya komando mliyoisifu wote: bastola moja, risasi hamsini na tatu, hakubadilisha magazini hata mara moja. Nne. Ile ya harusi inayoliza wake zenu: bibi arusi analia mara tisa, machozi yanaonekana mara mbili. Tisa, kwa huruma. Watu wananitukana, lakini Jumatatu wanarudi.

Mwezi uliopita ikaja filamu iliyotengenezwa hapa kwetu, juu ya volkano. Salle ilijaa, wamama wakatoka wanajipangusa kwa kitenge. Mimi nilikuwa na filamu tatu za kupima wiki ile, nikaiangalia kwenye telefone, mbio mbio. Dakika ya sitini na mbili, mwanamke anapita barabarani na godoro kichwani, anageukia kamera, anacheka. Nikaandika: "Huyu muchezaji amelipwa bure. Nani anacheka akikimbia volkano? Saba." Watu wakachekelea sana.

Siku mbili baadaye kijana aliyetengeneza filamu akanifuata salle.

"Grand, weye unajua kuhesabu, lakini hauangaliake watu. Ule si muchezaji. Ni video ya telefone ya mutu, ilipigwa kule Lac Vert, barabara ya Sake, siku ya tano ya ile shida."

"Sasa si ungeandika kwenye filamu?"

"Niandikie nani? Kila mutu aliona ni kweli, isipokuwa weye."

Alipoondoka nikaifungua tena, polepole. Ni Kavira, mdogo wangu. Tangu utoto, akiogopa, anacheka. Papa alimpiga kwa ajili ya kicheko hicho, maana Kavira alikitoa hata kwenye kilio cha msiba wa bibi yetu.

Kavira alikaa Munigi, upande wa volkano. Volkano ilipopasuka mwaka wa elfu mbili ishirini na moja, telefone yake ikanyamaza. Nilimtafuta siku tatu. Kisha nikamkalisha Mama chini, nikamweleza: kutoka nyumba ya Kavira mpaka barabara kubwa ni dakika thelathini na tano kwa mwendo wake, na moto ulifika kwa ishirini. "Mama, hesabu inakataa." Mama akaniangalia, akasema, "Kama ni weye umehesabu, basi." Tukaweka kilio bila mwili. Sikuwaza kwamba pengine saa ile hakuwa nyumbani.

Yaani siku ya tano, majirani wanatuletea maharagwe, wanaimba, dada yangu anatembea kuelekea Sake, mzima. Kwa nini hakututafuta, sijui. Baadaye waasi wakaja, barabara ile ikafungwa, watu wakatawanyika kambi kwa kambi.

Ni sekunde kumi na moja. Nimeziangalia zaidi ya mara mia mbili. Sasa hata salle ikiwa na watu na filamu nyingine inaendelea, mwanamke yeyote akicheka gizani, nageuka.

Nilimrudia yule kijana. Anasema mwenye video ile aliongea na Kavira, anajua alikokuwa anaenda. Lakini hanipeleki kwake bure. "Uliniaibisha mbele ya watu, Grand. Uniondoe aibu mbele ya wale wale. Andika alama mpya, weka uso wake, sema ni dada yako." Nilikasirika. Dada yangu si tangazo la filamu! Lakini ni kweli nilimchafua huyu kijana, na hakuna mwingine anayejua njia.

Nikiandika, jioni Mama atakuwa ameambiwa na jirani. Ana miaka sabini na nne, ana tansioni ya damu, kila mwaka anaombea misa roho ya Kavira. Na kama mwenye video ataniambia Kavira aliishia Sake kwenye risasi, Mama atamlilia mara ya pili, na safari hii atajua nani alimwambia aache kutafuta.

Jumatatu imebaki siku tatu. Mke wangu anasema nianze na Mama. Jana nilifika kwake, nikakaa, nikanywa chai yake vikombe viwili, nikaondoka bila kusema. Ninyi mnaonisoma, mwanaume anamwendea mama yake na habari kama hii vipi? Neno la kwanza ni lipi?