Gauni la Parachuti

Mjukuu wangu karudi na hariri nyeupe kutoka kwa fundi cherehani wa hapa mtaani Darsait. Nilipoipapasa tu, nikajiona mtoto Unguja, wakati wa vita. Ndege iliyokuwa ikiwinda meli za adui ilianguka baharini, na mama akaokota parachuti la hariri pwani kwetu. Akaanza kunishonea gauni la Sikukuu.

Askari wakaja kuuliza kama tumeokota chochote.

“Hatukuona kitu, bwana,” mama akasema. Mie akaninong’oneza: “Fyata mdomo! Ukisema, Sikukuu viwanjani utakwenda uchi.”

Nikafyata. Wakaenda kutafuta upande wa pili wa kisiwa.

Sikukuu mosi nilipendeza kuliko watoto wote. Sikukuu pili tukamkuta rubani kwenye mikoko yetu, kavunjika mguu, midomo imempasuka kwa kiu. Kashakufa, na mwili bado una joto.