Niliuliza kama sauti inapita kwenye HDMI, kumbe swali lilikuwa lingine

Wakuu, salamu kutoka Uvira, mtaa wa Songo, upande huu wa Ziwa Tanganyika.

Hii ninayowaletea imetokea sebuleni kwangu na sijaongeza chumvi. Ampli yenyewe iko hapa mbele yangu, na mwenye kubisha nitamtumia picha ya mgongo wake.

Kwanza tuelewane maneno. Kwetu receiver ya home theater tunaiita ampli, spika tunaiita bafle, na kitu cha mtumba ni occasion. Mtanivumilia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kutwa nzima nafundisha kwa Kifaransa, nikifika nyumbani Kiswahili changu kimeshachoka.

Twende kwenye kisa.

Mama yangu anaishi nasi tangu baba afariki. Tulimtoa kijijini Makobola, akaacha shamba lake la mihogo kwa shingo upande. Ni mama wa maneno machache, hasa miaka hii ya karibuni. Mimi na mke wangu Esther tulidhani ndiyo uzee, au anakumbuka kwake.

Ana kiti chake karibu na dirisha. Tukiangalia télé naye anaangalia, huku mikono yake inachambua maharage. Tukicheka anacheka.

Lalamiko lake lilikuwa moja tu. "Hii télé yenu iko inanong'ona." Mimi namwongezea sauti, Esther anasema watoto wa jirani wamelala, naipunguza. Basi, yanaishia hapo.

Sasa nina dada yangu mdogo, Neema. Huyu aliondoka miaka mitatu iliyopita kumfuata mwanaume Kalemie, bila kumuaga Mama. Mahari ilikuja baadaye, wajomba wakapokea, mambo yakatengenezwa. Lakini kati yake na Mama palibaki ubaridi. Neema akipiga simu Mama anaishika kidogo, anasema réseau ni mbaya, ananirudishia.

Mwaka huu Neema akazaa mtoto wa kike. Akaturekodia video, mtu mmoja aliyekuja Uvira na boti akatuletea kwenye clé USB, yaani flash. Nikaichomeka kwenye lecteur, mashine yetu ya kuchezea video, tukakaa wote kuangalia.

Mtoto anaonyeshwa, anapiga miayo, tunacheka. Halafu Neema akaangalia kamera na kusema hivi:

"Mama, niliondoka bila kukuaga, na iko inaniuma mpaka leo. Kama umenisamehe, mutoto umupe jina weye mwenyewe. Sitamupa jina mpaka nisikie kwako."

Sote tukamgeukia Mama.

Mama akatabasamu. "Mutoto iko muzuri," akasema. "Iko na masikio ya baba yenu." Akachukua sinia lake la maharage, akaenda jikoni.

Wakuu, mimi niliumia. Nilijua ni mkali, sikujua ni mkali kiasi hicho. Esther alitaka kumuuliza nikamkataza. Kwetu mzazi akilinyamazia jambo mbele ya watu, mtoto hamkumbushi, maana ni kama kumwambia amekosea. Nikampigia Neema, nikamwambia avumilie. Akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia amesema mtoto ni mzuri. Akakata simu.

Miezi minne mtoto akawa anaitwa Bébé. Bila jina, bila ubatizo.

Kipindi hicho hicho ndipo likanijia wazo la ampli. Nitasema ukweli hapa kwa kuwa hamnijui: nusu ilikuwa kwa ajili ya Mama na ile télé inayonong'ona, nusu ilikuwa mpira. Labda mpira ulizidi kidogo.

Bafle nilikuwa nazo tayari, tano, za occasion. Kilichobaki ni ampli. Lecteur yangu ni ya kisasa, haina tundu lingine la sauti, HDMI peke yake. Kwa hiyo nilijua sharti ni moja, ampli lazima iwe na HDMI inayoshughulika na sauti.

Nikaenda kwa Papa Riziki, anayeuza occasion zinazoingia kutoka Bujumbura. Akanishushia moja nzito, nyeusi, ina matundu matatu ya HDMI nyuma. Mimi mtu wa hesabu nikaona matatu nikaridhika.

Nikauliza, "Papa Riziki, sauti iko inapita mu HDMI?"

"Iko inapita, prof. Inapita bila shida."

Lishikeni hilo neno. Huku kwetu kitu "kikipita" maana yake kinafanya kazi, hakuna tatizo. Courant, yaani umeme, inapita, réseau inapita, njia inapita. Nikalipa, nikabeba.

Nyumbani nikaunga kila kitu. Waya wa HDMI kutoka lecteur kwenda ampli, mwingine kutoka ampli kwenda télé. Nikawasha. Picha safi. Sauti pia ipo.

Ila inatoka kwenye télé.

Bafle tano kimya. Nikapandisha volume ya ampli mpaka mwisho, kimya. Nikazima sauti ya télé, nyumba nzima kimya. Nikafungua setting zote, nikabadili waya, nikageuza bafle. Esther akapita akaniuliza kama hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, nikainama tena nyuma ya télé.

Najua kuna mtu atasema ungechukua sauti kwenye tundu la earphone la télé. Nilijaribu. Ilivuma kama kinu cha kusagia mahindi, na maneno hayakushikika.

Kesho yake nikarudi dukani nimeibeba ile ampli kifuani, jasho linatoka. Kulikuwa na wateja. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Papa Riziki, weye ni mwizi."

Yeye akaweka kikombe chake cha chai chini. Hakupandisha sauti.

"Prof, uliniuliza nini?"

"Kama sauti iko inapita."

"Na iko inapita?"

"Inapita inaenda kwa télé."

"Sasa uongo yangu iko wapi?"

Akanivutia kiti.

"Sikia, prof. Moto ya abiria inatoka Makobola, inapita hapa Songo, inaenda mpaka Kavimvira. Imepita, ao haikupita? Imepita. Lakini kama muntu hakushuka, weye utasema umepata mugeni? Ungeniuliza kama sauti iko inashuka. Hii haishushe. Inapitisha tu."

Wakuu, huyo mzee wa duka alinifundisha kwa mfano wa pikipiki kitu nilichokuja kukisoma baadaye kwenye mode d'emploi, kile kitabu cha maelekezo, kurasa mbili nzima.

Ndiyo hivi: ampli nyingi za kizazi cha kwanza cha HDMI zina matundu, lakini kazi yake ni pass-through. Zinapokea waya na kuutoa upande wa pili kama ulivyo. Picha na sauti vyote vinapita ndani bila ampli kugusa chochote. Ukitaka sauti itoke kwenye bafle, inabidi uvute waya mwingine wa sauti pembeni. Kama lecteur yako haina tundu hilo, umekwama kama mimi.

Unayoitaka ni ile inayoipokea sauti kutoka kwenye HDMI, inaifungua yenyewe, inaigawa kwenye bafle, ndipo picha inaendelea kwenda télé.

Nilimuomba Papa Riziki radhi pale pale, mbele ya walewale wateja. Akasema, "Haina neno, prof," akashusha nyingine mbili tubadilishane.

Safari hii sikuuliza neno. Nikarudi nyumbani kuleta lecteur na waya, yeye akanipa télé ndogo na bafle moja za dukani. Sauti ya télé tukaizima kabisa. Ya kwanza ilikataa, matundu yote ya HDMI yamekufa, na kwa jinsi courant yetu inavyoruka sikushangaa. Ya pili, bafle ikasema. Kwenye kioo cha mbele likaandikwa jina la aina ya sauti inayoingia. Nikajaribu kila tundu, moja moja. Nikaangalia pia kama tundu la kutokea limeandikwa ARC, ili sauti ya télé yenyewe iweze kurudi kwenye ampli kwa waya uleule.

Nikaibeba hiyo.

Jumamosi mchana nikaipanga. Ile bafle ya katikati, inayotoa maneno ya watu, nikaiweka kwenye kigoda karibu na kiti cha Mama kwa sababu waya ulitosha kufika huko, si kwa akili yoyote. Kwenye setting nikaipandisha kuliko nyingine, nikachagua mode inayosukuma maneno katikati. Nikatafuta cha kujaribia. Clé ya Neema ilikuwa bado imechomekwa.

Mama alikuwa anachambua maharage. Mtoto akapiga miayo. Neema akaangalia kamera.

Mikono ya Mama ikasimama.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akainama mpaka sikio likakaribia bafle. Neema akasema tena maneno yake yote, mpaka "nisikie kwako".

"Rudisha tena."

Mara ya tatu alikuwa amefumba macho. Ikaisha, akabaki vile vile ameinama.

"Kumbe aliniomba jina," akasema. "Na minye nikasema mutoto iko na masikio."

Nikamuuliza, "Mama, siku ile hukusikia?"

"Minye niliona midomo tu. Niliona munaniangalia, nikasema kintu."

"Tangu lini husikii?"

Akafikiri. "Tangu baba yenu angali hai. Batu banaongea, minye naona wanacheka, nacheka." Halafu akasema jambo ambalo bado linanichoma. "Nilifikiri munaongeaka polepole juu minye nisisikie."

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina wanafunzi wananiogopa. Nililia.

Miaka yote hiyo maneno yetu yalikuwa yanapita mbele ya Mama bila kushuka kwake. Akiuliza "munasema nini?" tunamjibu "hakuna kitu, Mama", tunaendelea. Hata ile "réseau mbaya" ya kwenye simu. Kumbe réseau ilikuwa nzuri, na mimi nikaandika kichwani mwangu kwamba Mama ana roho ngumu.

Akaomba simu. Nikampigia Neema, Mama akaishika mbele ya uso kwa mikono miwili.

"Neema, sikukunyimaka jina. Sikukusikiaka. Masikio yangu imechoka, na minye nilificha. Nilikusamehe siku mingi. Mutoto aitwe Sikujua."

Kwa ambao si wa huku, Sikujua ni jina la kawaida kabisa kwetu, watu huwapa watoto majina ya yaliyowakuta. Nimefundisha wanafunzi kadhaa wenye jina hilo na sikuwahi kujiuliza mzazi hakujua nini.

Kwenye simu kikaanza kilio cha kwikwi. Mama akanigeukia.

"Iko analia?"

"Analia, Mama."

"Hiyo nimesikia," akasema, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Baadaye tulimpeleka hospitali. Masikio yamesafishwa, amepata nafuu kidogo. Daktari anasema kilichobaki kitahitaji kifaa, na tunakitafuta. Siku hizi tukitaka kumwambia jambo tunakwenda mbele yake, tunakaa, tunasema aone na midomo. Amekuwa na maneno mengi ajabu. Esther anasema Mama ananisema sana mimi.

Somo langu kwa wanaotaka ampli: msihesabu matundu, na msiulize kama sauti inapita. Nendeni na lecteur yenu, waya mmoja wa HDMI, zimeni sauti ya télé. Bafle ikisema, lipeni. Isiposema, hata muuzaji awe rafiki yenu wa kanisani, wekeni chini.

Wenye kujua zaidi mambo ya ARC mnisaidie hapo chini, maana yangu mara inakubali mara inakataa. Na anayejua kifaa cha masikio kinachofaa kwa mama wa umri mkubwa, asininyime.

Lakini kabla hamjaandika, angalieni hapo nyumbani kwenu ni nani anayecheka baada ya wengine kuanza kucheka.