Mayai ya Nyawira na Bei ya Tarehe Kumi na Nne

Kulthum wa Kimbo alijulikana kwa mambo mawili: kutotolesha mayai ya watu, na mkono wa birika. La kwanza lilimlisha. La pili alilianza petroli ilipopanda.

Zamani hakuwa hivyo. Mumewe Adan alipokuwa hai, nyumba yao ya Kamenu, pale Thika, haikukosa wageni. Adan alipofariki, Kulthum alihamia kwenye ploti ya mtaa wa Kimbo, upande wa Ruiru, na binti yao Hayat, akanunua mashine ya kutotolesha pamoja na jenereta kuukuu ya kushika zamu stima inapopotea. Na stima ya Kimbo hupotea bila kuaga.

Lita ya petroli ilipokaribia shilingi mia mbili, vituko vikaanza. Jenereta aliiwasha nusu saa, akaizima saa nzima, na mashine akaifunika mablanketi mawili na kanzu ya marehemu. Kipimajoto hakukiamini peke yake. Alitoa yai moja, akalilaza juu ya ukope, akatulia kama anayesikiliza redio ya jirani. Likiwa na vuguvugu, jenereta ilipumzika. Likianza kupoa, aliivuta kamba huku akinung'unika. Tena kuanzia tarehe kumi ya kila mwezi hakununua petroli hata umshikie panga. Tarehe kumi na nne serikali hutangaza bei mpya, na Kulthum, kama nusu ya Kenya, aliamini kwamba safari hii itashuka. Majirani walimcheka. Mimi simcheki. Mjane aliyesomesha mtoto peke yake hujifunza kubana hata pumzi.

Mwisho wa mwezi wa sita alikuja Nyawira, mama mzee kutoka Ngoliba, na ndoo ya pumba. Ndani ya pumba mlikuwa na mayai arobaini na moja. Kideri kilikuwa kimepita bomani kwake, kikafagia kuku wote kwa wiki moja. Walikuwa kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, wanaovumilia jua la Ngoliba linalowashinda wengine.

"Mama Hayat, hii ndio mbegu imebaki," alisema Nyawira. "Zacharia wangu alianza na hii kuku mwaka ile tulioana. Yeye alienda. Sasa na kuku imeenda. Hii ikiharibika, sina ingine."

"Shosho, usijali," Kulthum akamjibu. "Nitayalinda kama macho yangu."

Na aliyalinda. Siku kumi na nane aliyageuza asubuhi, mchana na jioni. Aliyamulika kwa tochi, akaona mishipa, kisha akaona vitu vyeusi vikichezacheza. Matatu tu ndiyo yalikuwa maji. Alimpigia Nyawira simu, na mama mzee akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya kumi na tisa iliangukia tarehe kumi na nne. Baridi ya Julai ilikuwa imekaza, ukungu haujaondoka, na saa mbili asubuhi transfoma ya mtaa ikalia mlio mmoja mkubwa. Stima ikakatika. Kulthum alitikisa mtungi wa petroli. Haukufika hata lita. Juzi alikuwa amepita kituo cha mafuta na mtungi uleule mkononi, akajiambia, "Ngoja bei mpya." Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa mbele ya pampu?

Kufikia saa sita jenereta ilikohoa, ikanyamaza. Kulthum alifunga buibui lake vizuri, akatoka mbio. Kituo cha kwanza kilikuwa kimepanga mawe mbele ya pampu.

"Mathe, petroli imeisha," kijana wa pampu alisema bila kumwangalia.

"Imeisha ama mnangoja bei?"

"Imeisha, mathe."

Cha pili, kule Ruiru, kilikuwa na foleni mpaka barabarani, na bango kwamba hawauzii mtu kwenye mtungi wa plastiki. Aliomba. Alisema ana mayai ya mama wa watu, siku mbili tu yaanguliwe. Mtu mmoja kwenye foleni alimshauri ayapike. Watu wakacheka, na Kulthum akageuka nyuma ili wasione macho yake.

Alipofika tena Kimbo, alimkuta Tobias, mwendesha boda jirani yake, amekaa juu ya pikipiki yake pale stejini.

"Niaje, mathe. Nimeskia unatafuta mafuta. Naweza kukutolea lita mbili na paipu, hapa kwa tanki. Lakini ni mia tatu lita."

"Mia tatu! Tobias, wewe ni mwizi?"

"Sasa hizi nimepiga laini masaa mawili, mathe. Na nikikuuzia, mimi leo sibebi mtu."

Hapo ndipo alipokosea. Pesa alikuwa nazo, zimefungwa kwenye pindo la leso. Mkono ulishika fundo, ukaanza kulifungua, kisha ukasita. Kesho itashuka, moyo ulimwambia. Na jikoni kuna gunia la makaa. Si vifaranga hulelewa kwa jiko kila boma?

"Wacha," alisema. "Nitajipanga."

Akawasha jiko, akaliingiza kwenye chumba cha mashine, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa gunia. Chumba kikapata joto zuri. Kila mara alilaza yai ukopeni, na yai lilikuwa na vuguvugu, naye akamshukuru Mungu. Alijisifu hata. Kichwa kilipoanza kumgonga alidhani ni njaa. Hakukumbuka kwamba kifaranga aliyekaribia kutoka huvuta pumzi kupitia ganda, na pumzi ya chumba kile ilikuwa imeliwa na makaa.

Hayat alirudi kutoka kazini kiwandani jua likizama. Alipiga mlango teke, akamvuta mama yake nje kwa mabega.

"Mama! Unataka kujiua kwa sababu ya petroli?"

Kulthum alitapika ukutani. Alipoweza kusema, aliuliza bei. Hayat alitazama simu.

"Imeshuka. Shilingi moja."

Stima ilirudi muda si muda, wala haikupotea tena wiki hiyo. Tarehe kumi na sita Kulthum alikaa mbele ya mashine tangu alfajiri, sikio kwenye kioo. Kwa kawaida siku hiyo chumba huwa na kelele, kugongagonga na milio midogo. Hakikusikika kitu. Saa nne alivunja yai moja kwa ukucha. Kifaranga alikuwa amekamilika, manyoya, makucha na ile shingo tupu, mdomo ameusukuma juu kutafuta hewa. Akavunja la pili, na la tatu. Kisha akaacha.

Nyawira alifika saa sita. Alibeba boksi alilotoboa matundu, na ndani ametandika sweta la Zacharia. Aliona uso wa Kulthum, akajua.

"Ni stima?" aliuliza. "Nimeskia huku ilipotea."

Ilikuwa njia nyepesi, imefunguliwa na mwenye mali mwenyewe. Hayat alimtazama mama yake.

"Si stima, Shosho," Kulthum alisema. "Ni mimi. Petroli nilipata, nikaiacha. Nilikuwa nangoja bei ishuke."

Nyawira alikaa chini taratibu. Aliinua yai moja zima kutoka kwenye mashine, naye akalilaza juu ya ukope wake. Lilikuwa na joto lile lile la kuku anayelalia. Akalishikilia hapo kwa muda mrefu.

"Na ilishuka?"

"Shilingi moja."

Mama mzee hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele! Alirudisha yai mahali pake, akatoa sweta, akalivaa, akasimama.

"Hiyo boksi baki nayo," alisema. "Mimi sina kitu ya kuweka."