Komeo la Mlango wa Shemeji

Miaka ile ya wakimbizi mke wangu alishinda Kagunga, kule mpakani, wiki nzima, akiandikisha watu walioshuka kwenye boti kutoka Burundi. Mimi nilibaki nyumbani Katubuka, mjini, natengeneza redio za watu juu ya meza ya chakula. Nilipoulizwa mbona sitoki, nilisingizia kazi. Ukweli, napenda kwangu kuliko ninavyopenda watu.

Lakini kwangu kulikuwa na shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu, fundi cherehani wa sokoni Mwanga. Bafu na choo vilikuwa pamoja katikati ya vyumba vyetu viwili, na milango miwili: mmoja wa kwangu, mwingine wa kwake. Wangu ulikuwa na komeo upande wa bafuni. Wake haukuwa na kitu. Kila asubuhi shemeji aliingia, akasukuma komeo la mlango wangu, akaoga, akatokea kwake, akatia chumba chake kufuli na kwenda kazini. Komeo aliliacha vilevile.

"Nimesahau, shemeji," alisema jioni, meno yote nje.

Kusahau mara mbili ningesamehe. Yeye alisahau mwezi mzima. Nikawa nakwenda choo cha jirani, ambaye naye alikuwa amepokea ndugu zake chungu nzima kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwenye bafu la ndani nikapanga foleni na kopo mkononi, mpaka akina mama wakanionea huruma: "Mpisheni huyu baba, uso umeshabadilika."

Siku hiyo nilikwenda Mwanga sokoni. Mimi, kwa miguu yangu.

Muuza vifaa alinisikiliza, akanitolea vitasa viwili. "Hivi, mtu akifunga kwa ndani, wewe nje unafungua kwa ufunguo. Ugomvi umekwisha."

"Nani kakwambia nataka uishe?" Nikachagua komeo moja, la chuma, refu kama kiganja, linalofaa geti. Nikalifunga kwenye mlango wa shemeji, upande wa bafuni, nikalipaka na mafuta.

Kesho yake niliamka mapema, nikaoga kwa raha huku naimba. Kisha nikasukuma lile komeo, nikatokea chumbani kwangu na kujilaza kitandani kusubiri utamu.

Haukuchelewa. Ngo, ngo, ngo, mlango wa shemeji.

"Nani?" nikauliza.

Akajibu kwa ngo, ngo.

"Umebanwa, eeh? Nenda kwa jirani, foleni ya leo fupi!"

Ngo, ngo, ngo, sasa kwa haraka.

"Leo utacheza ngoma, shemeji! Nimesahau tu kufungua!"

Mara sauti ya shemeji ikatokea sebuleni. "Shemeji, unaongea na nani?" Alikuwa mlangoni na mkate kwapani. "Mama kafika kutoka Kagunga na boti ya alfajiri, ulikuwa bafuni unaimba. Nimempa chumba changu apumzike."

Mama mkwe! Huku kwetu mkwe na mkwe hawapigishani kelele, sembuse za choo. Mama wa watu alishindwa hata kuniitikia. Alichoweza ni kugonga tu. Na kupita chumbani kwangu, penye kitanda ninacholala na mwanawe? Bora azimie.

"Kafungue wewe," nikamnong'oneza shemeji.

"Komeo la nani?" Akakaa, akaanza kula mkate.

Nilinyata, nikavuta komeo, nikakimbia mpaka ziwani. Nilirudi jioni na kitenge kipya, shemeji akakipeleka kwa mama kuniombea radhi. Akarudi na jibu: "Kitenge kapokea. Ila anasema yeye akiondoka, komeo hilo lisibaki."

Siku nne nilioga ziwani. Mama alipopanda boti kurudi Kagunga, nilichukua bisibisi nikatekeleza amri ya mkwe kwa heshima zote. Nikaling'oa lile la geti. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, nikang'oa na la mlango wangu.

Tangu hapo shemeji alioga mguu mmoja ukiwa umekaza mlango wangu, akiimba kwa sauti kila mtu ajue yumo. Mimi nilioga saa nne, yeye akiwa Mwanga. Mtu wa nyumbani ana siku nzima. Lakini saa moja kamili, akishajipaka sabuni usoni, nilisukuma mlango taratibu.

"Samahani, shemeji. Nimesahau kitana."