Mteuzi wa Tairi

Mwenye lori la kuvuta magari mabovu hapa Machakos hanunui tairi mpaka aipige teke, aibonyeze kwa kidole gumba, kisha ainuse, macho kayafumba kama anayeonja supu. "Hii ndio mpira ya kweli," husema, kidole kikiwa cheusi tititi kwa rangi iliyopakwa asubuhi hiyo hiyo. Wauza tairi kuukuu wa Mumbuni wakimwona kwa mbali hushika brashi. Ukimwonyesha tairi mpya, huikataa: "Hiyo haijazoea barabara." Zake zikipasuka, humpelekea mshona viatu azikate akala, naye huzivaa kwa maringo.

Mwaka jana, mvua ya Elnino ilipokwisha, aliitwa Konza kuvuta lori la ng'ombe. Akalifunga mnyororo, akatia gia, na tairi zake za nyuma zikapasuka zote mbili. Dereva wa lori la ng'ombe akamwuliza, "Sasa mzee, nani atavuta nani?" Mzee aliinama, akainusa mojawapo, akatikisa kichwa. "Walinibadilishia hii." Kisha akashika njia kwa miguu, na zile akala zikamfikisha nyumbani. Ndizo tairi zake pekee zilizowahi kurudi salama.