Nungunungu Chini ya Gunia

Mlima ule una njia nyingi za kuupanda, lakini watoto wanaijua moja tu. Inaanzia nyuma ya kibanda cha tiketi, inapenya msitu wa misonobari, inavuka kijito juu ya daraja la magogo, kisha inapanda taratibu kwa mizunguko ambayo hata mzee mwenye fimbo anaimudu. Inaitwa Njia ya Waliochelewa. Hadithi yake ni fupi: simba aliwaalika wanyama wote karamuni kileleni, na wote wakachelewa. Kila penye kona amesimama mnyama mmoja wa mbao, mkubwa kiasi cha mtoto kumpanda mgongoni, na pembeni yake ubao ulioandikwa udhuru wake. Familia hupanda zikisoma udhuru mmoja baada ya mwingine, na kabla mtoto hajakumbuka kulalamika kwamba miguu inauma, kilele kimefika.

Wanyama wale walichongwa na mtu ambaye wenzake humwita Fundi Randa. Ni mwembamba, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi mwaka mzima, mpole hadi anaudhi. Karakana yake imeegemea ukuta wa nyumba yake. Upande wa pili wa ukuta huo mkewe, fundi cherehani, hushona nguo za watu, na mchana kutwa msumeno na cherehani husikika kama wazee wawili wanaobishana bila hasira.

Fundi Randa ana tabia moja kazini. Hawezi kuchonga mnyama asiyemjua, na kumjua kwake si kwa kutazama picha. Akiletewa gogo hulizungukazunguka, hulipapasa, hulilalia sikio, akilitafutia mtu katika ukoo. "Mti usio na ndugu ni kuni," husema. Kobe wa kona ya kwanza ni kaka yake mkubwa, ambaye ukimpigia simu hukujibu kwamba yuko njiani huku unasikia anavyojimwagia maji bafuni. Nyani wa kona ya daraja ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu ambaye hajawahi kupita mbele ya sahani bila kuisalimu. Udhuru wa nyani unasema: Nilikuwa nakuja mbio, nikaona chakula cha jirani kinapoa.

Na nungunungu, kwenye kona ya mwisho chini ya kilele, ni mama mkwe wake.

Hapo hakuhitaji kulizunguka gogo. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, kijana mwenye shati jipya, aliulizwa anafanya kazi gani. Akajibu kwa kifua mbele kwamba yeye ni fundi seremala, na neno seremala lilikuwa bado mdomoni kiti kilipovunjika chini yake. Baba mkwe alikunja uso. Mama mkwe alifanya zaidi: aligeuka, akampa mgongo. Fundi Randa alijiokota sakafuni, akaaga, akaondoka. Ndoa ilifungwa, watoto wakazaliwa, baba mkwe akaenda zake mbele ya haki, lakini mgongo ule haukugeuka. Wakikutana misibani au harusini, mama alimtazama kidogo, kisha, kama mlango unaosukumwa na upepo, akageuka. Akiwa na la kumwambia aliwatuma watoto: "Mwambieni baba yenu." Nyumbani kwa Fundi na mkewe hakuwahi kukanyaga, sembuse kula.

Basi alimchonga akiwa ameipa njia mgongo, miiba imesimama, na kisogoni fundo la kilemba lililolala kushoto, vile vile mama anavyofunga chake. Anayetaka kuuona uso lazima azunguke nyuma ya kichaka. Uso wa kwanza ulikuwa umenuna kiasi kwamba mtoto wa bwana misitu, msimamizi wa mlima, aliuona akalia njia nzima ya kurudi. Bwana misitu akaagiza ulainishwe. Fundi akaupa mdomo ule patasi kidogo, ukawa kama unaguna. Akaongeza kidogo, ukawa kama unapiga miayo. Na patasi ikishafungua mdomo haiwezi kuufunga. Alipoiweka chini, nungunungu alikuwa anacheka, meno yote nje, macho yamefumbwa.

Hakuna ndugu aliyejua. Kaka alikuwa njiani. Shemeji alikuwa hapandi mlima usio na hoteli. Hata mkewe hakuwahi kupanda; alisema milima yake ni ya nguo za wateja, na hiyo inamtosha.

Kisha jioni moja mkewe alizima cherehani mapema, akaja akasimama kwenye mlango wa karakana.

"Mama anakuja Jumapili," alisema. "Watoto wamemsumbua kwenye simu mpaka amekubali. Anataka kuuona mlima wa wanyama."

Fundi aliendelea kupiga msasa mguu wa meza ambao ulikuwa umeshalainika zamani.

"Hajasema atakuja nyumbani," mke aliendelea. "Amesema atapanda, halafu ataona. Nimempikia chakula kichwani mwangu miaka yote hii, mume wangu. Safari hii akirudi kwao bila kuingia kwangu, simwiti tena. Nimechoka kuwa daraja, huku mnanikanyaga, huku mnanikanyaga."

"Kwa nini apande mpaka juu? Miguu yake..."

"Miguu ya mama inakuzidi wewe. Una nini?"

"Sina kitu," alisema Fundi Randa.

Jumamosi alipanda na spana kwenda kumng'oa nungunungu. Alikuwa amesahau jinsi alivyokuwa na akili siku ya kumsimamisha: akiogopa wezi, alizamisha bolti kwenye saruji na kuvunja vichwa vyake. Alisukuma, akabembeleza, akamwomba yule wa mbao kwa heshima zote. Mwishowe alimvika gunia, akalifunga kwa kamba, na juu yake akatundika kibao: Nungunungu amelala. Usifunue. Mtu aliyewachongea watoto miaka mingi aliandika maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe, na akashuka mlima ameridhika.

Jumapili kulikuwa na ukungu mwepesi juu ya misonobari, na jua likaula taratibu. Mama mkwe alikuja na fimbo ambayo hakuitumia, na nyuma yake shemeji, aliyekubali kupanda kwa sababu kulikuwa na kikapu cha chakula. Alisalimiana na kila mtu, alipofika kwa Fundi akamtazama kidogo, mabega yakamkakamaa, akageuka.

"Mwambieni baba yenu atangulie," aliwaambia wajukuu. "Yeye ndiye mwenye mlima."

Kwenye kona ya kwanza shemeji alimzunguka kobe, akainama, akamkodolea macho.

"Ngoja kwanza," alisema. "Shingo hii naijua. Huyu si kaka yako huyu?"

"Kobe ni kobe, shemeji."

"Kobe gani ana kitambi cha upande? Dada, njoo umwone shemeji yako mkubwa. Amechelewa mpaka kwenye mbao."

Mke wa Fundi alisoma udhuru, akaziba mdomo kwa kanga. Watoto wakalipokea jambo kama moto unavyopokea majani makavu. Baba mkubwa ni kobe. Basi wengine ni kina nani? Wakakimbia mbele. Fundi alijaribu kuwaonyesha ndege, uyoga, na jiwe ambalo alidai ni la ajabu sana. Hakuna aliyelitazama jiwe.

Darajani shemeji aliinua mguu kumpita nyani, akausimamisha hewani.

"Nyani huyu amekosewa pua," alisema.

"Pua iko sawa," alisema dada yake. "Ndivyo ulivyo. Hata mkono umeshaelekea kwenye sahani."

"Shemeji, umenifanya nyani?"

"Ni sanaa tu, shemeji."

"Sanaa gani yenye pua yangu?" Shemeji alikaa kando ya nyani, akafungua kikapu, akatoa yai la kuchemsha, na watoto walipomwona ameketi vile, mkono mmoja kikapuni, walianguka majanini kwa kicheko. Alilimaliza yai kwanza, ndipo akakumbuka kukasirika.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa daraja akitazama maji, na alipoongea aliongea na maji.

"Kaka yupo. Mwanangu yupo. Na mimi nimewekwa wapi?"

Mkewe alimgeukia Fundi polepole, na katika macho yake alikuwa ameshaanza kujua.

"Mama, wewe nakuheshimu," alisema Fundi. "Nisingethubutu."

"Mwambieni baba yenu sijamuuliza kama anathubutu."

Wakapanda. Mkewe alimsogelea, akamnong'oneza bila kufungua meno: "Mama ni mnyama gani?" Akajibu, "Yumo ndani ya gunia." Mke alitembea mbele yake akiitazama njia, na Fundi Randa aliona kisogo cha mkewe, akaona jinsi kinavyofanana na kile kingine, na mlima ukawa mrefu kuliko alivyoujua.

Kitinda mimba wao alikuwa ndiye wa kwanza kufika kwenye kona ya mwisho. Alikuwa ameanza shule mwaka ule na alisoma kila kitu kwa sauti, hata karatasi za sabuni.

"Nungunungu, amelala. Usi, fu, nu, e."

Kisha akavuta kamba.

Gunia lilianguka kwa upole kama vazi. Walikuwa wamefika wote, na wote waliona mgongo, miiba iliyosimama, na lile fundo la kilemba lililolala kushoto. Shemeji, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno, aliufunga mdomo na kikapu pamoja. Mke wa Fundi alishika kichwa. Mama mkwe alinyanyua mkono polepole, akalipapasa fundo lake mwenyewe, kana kwamba anahakikisha halijaibwa.

"Bibi, ni wewe," alisema kitinda mimba. "Ila huku umekasirika. Njoo huku."

Akamshika mkono, akamzungusha nyuma ya kichaka.

Fundi Randa alikuwa anahesabu kimyakimya ndugu wa mkewe ambao bado wangeweza kumsemea, na hakupata hata mmoja. Kisha kutoka nyuma ya kichaka ikaja sauti ambayo haikuwa imetumwa kupitia mtoto yeyote.

"Mkwe. Hebu njoo."

Alikwenda. Mama alikuwa amesimama uso kwa uso na yule wa mbao, macho yakiwa juu ya meno yale.

"Nani alikwambia?"

"Kukwambia... kuniambia nini, Mama?"

"Kwamba nilikuwa nacheka." Aligonga meno ya nungunungu kwa kucha. "Siku ile ya kiti. Sijamwambia mtu. Marehemu alikuwa amekunja uso kama ngozi ya ngoma, mimi ningechekaje mbele yake? Nikageuka nimalize. Umesema seremala, kiti kikasema hapana. Nilicheka mpaka nikauma kilemba. Nilipogeuka nikupe pole, hukuwapo."

"Nilidhani umenikataa."

"Ulidhani. Na mimi nikadhani, huyu kijana ana kiburi, amekimbia hata maji hajanywa. Halafu kila nikikuona nakiona kiti. Msibani, mkwe. Kwenye msiba wa mume wangu, umeingia umevaa koti jeusi, huzuni tele, na mimi nakiona kiti. Ningefanyaje? Nikageuka."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Safari hii hakuwa na mahali pa kugeukia, mbele mkwe, nyuma nungunungu, na kicheko kilimtoka chote, macho yamefumbwa, hivyo hivyo. Watoto walichungulia kichakani mmoja mmoja. Shemeji alipofika akawatazama wawili wale, wa nyama na wa mbao, akasema, "Fundi, wewe ni mtu hatari," na hakuna aliyempinga.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Uso ulipotulia ukawa na kitu kipya, na Fundi Randa alikiogopa kuliko mgongo.

"Sasa wewe," alisema, "uko wapi kwenye mlima huu?"

"Mimi? Mimi sijajichonga, Mama."

"Umetuanika ukoo mzima, wewe ukajificha nyuma ya patasi. Sili kwako mpaka nikuone hapa."

"Mama," alisema mkewe. "Mnyama mmoja ni kazi ya wiki nyingi."

"Nimesema sili. Nimesema siingii?" alijibu mama yake. "Nitasubiri ndani. Kusubiri kwa kusimama ni kwa vijana."

Ndivyo alivyoingia katika nyumba ile, jioni ile ile, akavua viatu mlangoni, akakagua mishono ya pazia, akasema si mibaya. Chakula kilipowekwa alikumbusha kwamba yeye hali. Alionja tu. Alionja wali, akaonja mchuzi, akaurudia wali kwa sababu hakuwa na uhakika na chumvi, na shemeji alimtazama kwa heshima ya mtu aliyepata mwalimu. Mke wa Fundi alikuwa akipita na mabakuli kati ya jiko na meza, na kila alipogeukia jikoni alijifuta uso kwa mkono wa nguo.

"Atakuwa mnyama gani?" aliuliza kitinda mimba.

"Punda," alisema shemeji haraka.

"Punda hakimbii," alisema mama. "Digidigi. Anakimbia kwanza, anauliza baadaye. Na masikio yake si madogo kama anavyodhani."

Akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika mkwe wake kidevu, akamgeuza uso kwenye taa, huku na huku, kama mtu anayechagua nazi.

Walipokwenda kulala, kutoka chumba cha watoto ilisikika sauti ya mama mkwe ikisema kwamba mto ni mgumu, dirisha linapiga kelele, na kesho mapema ataingia karakanani aone magogo yenyewe. Mke alijilaza karibu na mumewe.

"Huyo digidigi," alinong'ona, "usimharakishe."

Fundi Randa alisikiliza ukuta kidogo.

"Mimi nilitaka nimmalize kesho," alisema.