Dishi Lililopanda na Tanga

Nianze kwa kukubali kwamba safari hii hainipambi hata kidogo. Nikiisimulia kijiweni kwetu Mtendeni, watu wanacheka kabla sijatoka stesheni. Lakini bora niieleze mwenyewe, maana nikiwaachia wao watasema nilizama. Sikuzama. Nilipiga kelele tu.

Kilichonitoa Tabora ni turubai la msiba. Dada yangu Mwamvita ameolewa Ujiji na Shemeji Rashidi, nahodha wa mashua ya tanga inayobeba mawese na dagaa kutoka vijiji vya ziwani. Mashua ina injini ndogo, ila mafuta ghali na upepo bure, kwa hiyo mara nyingi shemeji anatweka tanga. Sasa kuna safari upepo ukakata, injini ikagoma, na huko nyuma ya milima simu haishiki. Siku zikapita kimya. Mtu mmoja akaja kusema kaona mbao zinaelea. Basi watu wakafunga turubai, wakapika ubwabwa, dada akalia mpaka sauti ikakauka. Shemeji akatokea na ndoo yake ya dagaa mkononi, akauliza, "Nani kafa?"

Wakamwambia, "Wewe."

Akaomba sahani, akala ubwabwa wa msiba wake.

Wote walicheka isipokuwa dada. Tangu siku ile, mumewe akiwa majini yeye halali, anakaa kitandani anaangalia paa. Mwisho akamwambia, "Baba Zawadi, ama niisikie sauti yako ukiwa hukohuko ziwani, ama narudi kwa mama, kule Kipalapala, kulima karanga." Ndipo tajiri mwenye mashua akakubali kununua seti ya intaneti ya setilaiti, na kibali chake juu. Dada akasema fundi anamjua. Fundi mwenyewe ndiyo mimi. Shule niliishia la saba, lakini madishi ya tivii ya Mtendeni yaulize yamefungwa na nani.

Stesheni ya Tabora, jioni. Seti ilikuja kutoka Dar, nikaipokea, nikaingia nayo treni ya Kigoma. Mama alinisindikiza na dumu la asali la kumpelekea mkwewe.

"Mwanangu, wewe hata maji ya kuoga unayaogopa."

"Mama, naenda kufunga dishi, siendi kuvua."

"Sawa. Mimi nataka dada yako alale. Basi."

Kabla ya Urambo, mama mmoja aliyekaa pembeni yangu na jogoo wake alikuwa ameshalitazama boksi langu mpaka kachoka.

"Kijana, hiyo keki ya harusi ya nani?"

"Shikamoo mama. Siyo keki, ni intaneti."

"Marahaba. Intaneti nayo ina uzito?"

"Hii inatoka kwenye setilaiti, mama. Kitu kikitoka juu vile lazima kiwe kizito."

Akaniangalia, akamsogeza jogoo wake upande wa pili.

Malagarasi tulipita kumeshakucha. Kulia majani na maji, kushoto majani na maji. Njia hii ndiyo ileile ya misafara ya pembe za ndovu. Babu zetu Wanyamwezi waliikata kwa miguu, mzigo kichwani, Tabora mpaka Ujiji, tena wakiimba. Mimi nimekaa kwenye kiti, mzigo mapajani, na bado nalalamika ganzi.

Kigoma. Shemeji alinipokea stesheni kwa sauti ya mnadani: "Jamani, mpagazi kafika! Pembe za ndovu umeacha wapi?"

"Nimeziuza, shem. Nimnunulie marehemu sanda."

Ntakije, baharia wake, alicheka mpaka akashika nguzo. Tukaenda Ujiji, dada akatupa ugali na migebuka, samaki wa ziwa lao. Alikuwa amekonda. Hakunitania hata kidogo, na huyo ndiye aliyenifundisha utani. Alisema tu, "Ukifunga vibaya, mdogo wangu, useme. Usinifiche."

"Dada, mimi na kufunga vibaya wapi na wapi?"

Kibirizi, pwani ya Kigoma, mchana. Shemeji na Ntakije walikwenda kutafuta dizeli, wakaniacha peke yangu kwenye mashua. Dishi lenyewe ni bapa, kama sinia la pilau, na linajitafutia lenyewe upande. Nikaliweka katikati, juu ya kibanda, kwenye mguu wake. Ikabaki njia ya waya.

Sasa, sisi mafundi wa Tabora tuna sheria moja: waya haulali chini. Ukilala chini mbuzi anatafuna, watoto wanaruka kamba. Unatafuta kitu kilichosimama, unaubana hapo na vifungo vya plastiki, kila shubiri kifungo. Nikaangalia huku na huku. Kando ya mlingoti kulikuwa na kamba nene, imenyooka toka juu mpaka chini, imekazwa kama nguzo ya umeme. Nikasema, wenyewe hawa wameniandalia! Nikaubana waya kwenye ile kamba, kifungo baada ya kifungo. Nikarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yangu. Ilikuwa nzuri kuliko ya nyumba yoyote ya Mtendeni.

Nikawasha, nikampigia dada kwa video, akaonekana na mafiga nyuma yake. Shemeji aliporudi akakuta taa ya seti inawaka, akanipiga begani: "Kweli wewe fundi!" Akawasha injini, tukaondoka kwenda kujaribu ambako simu haishiki.

Nyuma ya milima, minara imeisha, dada bado yuko hewani. Mimi ndiye niliyeshika simu, namwonyesha maji kana kwamba nimeyachimba mwenyewe. Akaanza kutabasamu. Shemeji akazima injini. "Ntakije, tweka tanga!"

Wakavuta kamba. Kamba yangu.

Kumbe ndiyo inayopandisha tanga! Kwenye mashua hakuna kamba inayokaa bure, ila hilo nani angeniambia, mtu wa nchi kavu? Waya ukapanda nayo, dishi likang'oka kwenye mguu wake, likaenda juu likibembea kama kambare kwenye ndoana. Nikapiga kelele, "Mama yangu, tumekwisha!" Hapohapo waya ukachomoka upande wa chini, simu ikakata.

Shemeji hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza taratibu, "Dada yako kaona nini mwisho?"

"Uso wangu."

"Ukisema?"

"Tumekwisha."

Akashika kichwa. "Yule sasa hivi anafunga kanga kiunoni. Shusha, Ntakije! Shusha!"

Wakashusha. Nikakata vifungo vyangu vyote kwa kisu cha samaki. Dishi lilikuwa zima, namshukuru Mungu, ila kichwa cha waya kilikuwa kimepinda. Nikakinyoosha kwa koleo, taratibu, maana kikikatika hatuna kingine. Tukalihamishia dishi nyuma kabisa, karibu na usukani, ambako tanga halifiki. Waya nikaupitisha chini, chini kabisa, pembeni ya ubao. Mbuzi wenyewe wangetoka wapi ziwani?

Taa ikapepesa. Ikazima. Ikapepesa tena, kisha ikatulia. Nikapiga.

Dada alipokea. Kanga ilikuwa kiunoni kweli, na nyuma yake majirani wawili wanashusha turubai kutoka kwenye toroli.

"Mwamvita," shemeji akasema, "turubai la nani tena?"

Dada akakaa chini palepale mlangoni, akalia, akacheka, akatutukana wote watatu, na mimi nikapewa fungu langu kubwa zaidi. Sijawahi kufurahia tusi kama siku ile. Tukatweka tanga, safari hii dishi likabaki chini, na dada alibaki hewani mpaka tumeiona Kibirizi.

Tabora, siku ya kurudi. Nilishuka na dagaa, mawese na funzo moja: ukifika kwa watu, uliza kwanza kila kamba inafanya kazi gani. Mama alinisubiri stesheni, hakuuliza dagaa, aliuliza, "Analala?" Nikamwambia sijui, tusubiri.

Wiki hiyohiyo dada akapiga.

"Mdogo wangu, hicho kidude chako kina pa kuzimia? Huyu mtu hanyamazi! Mara kaona kiboko, mara anauliza nimepika nini, mara chumvi nimeiweka wapi, na yeye yuko katikati ya maji. Jana nimemwambia, 'Baba Zawadi, hebu niache nilale.' Na nimelala, mdogo wangu. Nimelala mpaka jua limenikuta kitandani."